Kuinua, Kupanda na Kutegemeza: Uhakiki wa Istilahi katika Tafsiri Moja ya Maelekezo ya Gari

Miongoni mwa kazi zinazofika mara kwa mara kwenye meza zetu za istilahi ni tafsiri za vijitabu vya maelekezo ya vyombo na mitambo. Kazi hizi hazina heshima kubwa machoni pa watu. Mfasiri wa riwaya hutajwa jina lake kwenye jalada. Mfasiri wa kijitabu cha pampu ya maji au cha cherehani hatajwi popote. Hata hivyo, msomaji wa riwaya iliyofasiriwa vibaya hupoteza ladha tu, ilhali msomaji wa maelekezo yaliyofasiriwa vibaya aweza kupoteza kidole, mkono au uhai wake. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa, katika toleo hili, tuihakiki rasimu moja ya aina hiyo kwa urefu inaoustahili. Hatutamtaja mfasiri wala aliyempa kazi, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu; na, kama itakavyoonekana, baadhi ya makosa tutakayoyaonyesha yana mzizi wake katika orodha zetu wenyewe.

Rasimu hiyo ilitoka Marekani. Huko yapo magari makubwa yenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambayo watu husafiri nayo na kulala ndani yake. Wapo pia wasemaji wa Kiswahili waishio huko, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, na baadhi yao hufanya kazi za udereva na za karakana. Maelekezo yalifasiriwa kwa ajili yao. Kurasa zake chache zahusu jambo moja tu: namna ya kubadili gurudumu la nyuma la gari la aina hiyo kwa kutumia chombo ambacho gari huendeshwa mpaka likapanda juu yake.

Msomaji aliyeko Dodoma au Mombasa aweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu sana. Ekseli yenye magurudumu pacha ni ile ile, liwe gari limebeba vitanda na jiko au limebeba magunia ya mahindi. Istilahi ikisimama imara kwa gari la mtalii wa Marekani, imesimama pia kwa lori la Makambako na kwa basi la Mwanza.

Kitu chenyewe

Kabla ya kuyahakiki maneno hatuna budi kukielewa kitu. Gari dogo la kawaida huwa na uzito wa tani moja na nusu hivi. Gari la kulala ni mzigo wa namna nyingine. Chasisi ya Ford E-450, ambayo juu yake hujengwa magari mengi ya aina hiyo yenye ukubwa wa kati, imeruhusiwa uzito wote wa ratili 14,500, yaani karibu kilo 6,580. Ekseli yake ya nyuma ina magurudumu manne, mawili mawili kila upande. Matairi ya magari ya uzito huo yaweza kuhitaji upepo wa hadi ratili 80 kwa kila inchi ya mraba, ambapo tairi la gari dogo hutosheka na ratili 30 na kitu. Jeki ndogo inayolazwa ndani ya buti la teksi haina kazi hapo. Ndiyo maana mengi ya magari hayo, hasa yale makubwa zaidi, huuzwa bila jeki na hata bila gurudumu la akiba, na mwenye gari hushauriwa aite fundi.

Chombo kinachoelezwa katika rasimu ni kipande imara cha chuma, cha mbao au cha plastiki ngumu. Upande mmoja kina mteremko, na juu kina kitako bapa. Upana wake ni mdogo, kiasi cha kubeba gurudumu moja tu kati ya yale mawili pacha. Ikiwa gurudumu la nje ndilo lililopata pancha, chombo huwekwa mbele ya gurudumu la ndani lililo zima. Dereva huliendesha gari polepole sana mpaka gurudumu la ndani lipande na kutulia juu ya kitako. Hapo lile la nje hubaki likining'inia, vidole vichache juu ya ardhi, nalo laweza kuvuliwa. Hakuna parafujo ya kuzungusha wala mafuta ya kusukuma. Nguvu ya kulinyanyua gari hutoka katika injini ya gari lenyewe, na ufundi wote ni ule wa mteremko, mojawapo ya mashine sahili ambazo watoto wetu hufundishwa pamoja na wenzo, roda na kabari. Utingo wa malori anayepandisha gurudumu la ndani juu ya gogo la mti hutumia kanuni hiyo hiyo, ingawa gogo lake halina kipimo wala kingo za kulizuia gurudumu lisiteleze.

Nyumba isiyo nyumba

Kasoro ya kwanza ni ndogo, lakini yaonyesha njia iliyotumika. Gari la kulala limeitwa katika rasimu "nyumba ya magari". Mfasiri ameyachukua maneno mawili ya lugha ya asili na kuyapanga kwa mpangilio wa Kiswahili bila kuuliza yanasema nini yakishapangwa. Msomaji yeyote atadhani nyumba ya magari ni banda la kuegeshea magari. Sentensi isemayo "usiingie chini ya nyumba ya magari" haitamwonya mtu; itamshangaza tu.

Kiswahili huweka mbele neno linalotaja kitu, na nyuma neno linalokibagua. Swali basi ni hili: kitu hiki ni nyumba au ni gari? Kinasajiliwa kama gari, kina breki na usukani, na dereva wake hutakiwa leseni. Kwa hiyo neno la mbele ni "gari". Tunalo tayari umbo la kuigwa, nalo ni "garimoshi". Tunapendekeza "garinyumba", na katika makala haya tutalitumia hivyo. Upatanisho wake ni wa gari: garinyumba hili, magarinyumba haya.

Jeki tatu katika neno moja

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Rasimu inatumia neno "jeki" kwa vitu vitatu tofauti. Kwanza, jeki ya kawaida, ya parafujo au ya mafuta, anayoiweka fundi chini ya ekseli au ya chasisi na kuinua. Pili, chombo kile cha mteremko tulichokieleza. Tatu, miguu ambayo magarinyumba mengi hufungiwa pembeni, inayoteremshwa kwa umeme au kwa mafuta ili gari likae sawasawa linapoegeshwa kambini, watu wasilale vichwa vikiwa chini.

Lugha ya asili huviita vyote vitatu kwa jina la jeki, lakini huviwekea neno la kubagua kila mahali, na msomaji wake ameyazoea mabaguo hayo. Mfasiri ameyaacha mabaguo katika nusu ya sentensi zake. Matokeo yake yanatisha. Watengenezaji wa ile miguu ya kusawazisha huonya kwamba isitumiwe kuinulia gari wakati wa kubadili gurudumu, wala mtu asifanye kazi chini ya gari lililoshikwa na miguu hiyo peke yake. Sasa chukulia msomaji wa Kiswahili aliyekutana na maneno "hakikisha gari limesimama juu ya jeki". Mbele yake kuna kitufe kinachoteremsha kitu ambacho kurasa mbili kabla kiliitwa jeki. Atafanya nini? Atabonyeza kitufe. Na hatutakuwa na haki ya kumwita mjinga, maana amefanya alivyoagizwa.

Tunapendekeza kitu hicho cha tatu kisiitwe jeki kabisa. Kiitwe "mguu wa kusawazishia", kwa wingi "miguu ya kusawazishia". Jina hilo lasema kazi inayoruhusiwa, na kwa kuisema hiyo laiacha nje kazi isiyoruhusiwa.

Hapa yatupasa tuyatazame pia matumizi yetu ya kila siku. Katika magazeti na katika hotuba, "kupiga jeki" kumekuwa na maana ya kusaidia na kutegemeza: mkopo umewapiga jeki wakulima, wahisani wameupiga jeki mradi. Ni usemi mzuri, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini umetuzoesha kudhani kwamba kinachoinua ndicho kinachoshikilia. Katika karakana si hivyo. Jeki huinua, haikuumbwa kushikilia mzigo wakati mtu amelala chini yake. Muhuri wa mafuta huweza kuvuja, kitako huweza kuzama katika udongo laini, na gari huweza kusogea kidogo tu jeki ikalala upande. Kazi ya kushikilia ni ya chombo kingine, kile cha miguu mitatu au minne ambacho mafundi wengi hukiita stendi. Rasimu imekiita "jeki ya kusimama", na hivyo kuongeza jeki ya nne. Sisi twapendekeza "tegemeo", kwa wingi "mategemeo". "Mhimili" lingefaa pia kwa asili yake, lakini limekwisha kutumika kwa maana ya ekseli katika baadhi ya vitabu, na "egemeo" limeshikwa na wenzo katika masomo ya sayansi. Yakae yalipo.

Nani anapanda?

Sasa tukifikie chombo chenyewe. Rasimu imekiita "jeki ya kuendesha juu". Msomaji asiyekiona ataelewa nini? Aweza kudhani ni jeki inayoendeshwa, au ni jeki ya kuendeshea kitu fulani kilicho juu. Maneno yote matatu ni ya Kiswahili, lakini yakiwekwa pamoja hayasemi neno.

Njia ya kupata istilahi hapa, kwa maoni yetu, ni kuanza na kitenzi. Tujiulize: nani anafanya nini? Kwa jeki ya kawaida, mtu anainua na gari linainuliwa. Kwa chombo hiki mtu hainui chochote. Gari linapanda, na chombo kinapandwa. Kitenzi ni "kupanda", na kitu cha kupandia tunalo jina lake tangu zamani: "kipandio", yaani kitu anachokanyagia mtu anapopanda. Hapa kinachokanyaga ni gurudumu. Tunapendekeza basi "kipandio cha gurudumu", au "kipandio" peke yake pasipo na hofu ya kuchanganya.

Neno hili lina faida nyingine kwa wasomaji waliokusudiwa. Aliyejifunza ufundi Lubumbashi au Bukavu huenda anaiita jeki "kriki" na tairi "pine", kwa kufuata Kifaransa. Neno la mkopo la upande mmoja huweza kuwa kitendawili upande wa pili. "Kupanda" ni la wote.

Wenzetu walioisoma rasimu pamoja nasi walituuliza kama huku si kupoteza wakati, kwa kuwa mafundi wataendelea kusema jeki hata tukiandika vitabu kumi. Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba fundi anayesema "niletee hiyo jeki" amekielekezea kidole anachokitaka. Maandishi hayana kidole. Kila linaloonyeshwa kwa mkono katika karakana hapana budi lionyeshwe kwa neno katika kijitabu.

Kitenzi kibaya, mpango mbaya

Huenda baadhi ya wasomaji waone kwamba tofauti ya kuinua na kupanda ni ya wapenzi wa lugha tu. Tunawaomba wapime mfano ufuatao, ambao ndio hasa uliotufanya tuandike makala haya. Rasimu inaagiza: "Legeza nati za tairi kabla ya kuinua gari kwa jeki ya kuendesha juu."

Kila fundi anaijua kanuni ya kulegeza nati kidogo kabla ya kuinua gari. Kanuni ni sahihi kwa jeki ya kawaida, kwa sababu gurudumu likishaachana na ardhi huweza kuzunguka nati inapolazimishwa, na nguvu za kulazimisha huweza kulitingisha gari juu ya jeki. Lakini kwa kipandio mambo ni kinyume. Baada ya kulegeza nati, dereva anaambiwa awashe injini na kuliendesha gari la tani 6 na zaidi, kulipandisha mteremko, huku magurudumu ya upande mmoja yakiwa hayajakazwa. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya magurudumu pacha nati zile zile ndizo zinazoyabana yote mawili, la nje na la ndani. Anayelegeza la nje amelilegeza na lile la ndani, ambalo ndilo litakalobeba mzigo wote.

Tulipolinganisha na matini ya asili tulikuta mpango sahihi: gari lipande kwanza, lifungwe breki, liwekewe kabari, ndipo nati zilegezwe. Wala hakuna haja ya kuwahi kulegeza, kwa kuwa gurudumu la ndani limesimama juu ya kipandio na uzito wa gari unalizuia lisizunguke. Mfasiri hakuwa mvivu wala hakuruka mstari. Alikwisha kuandika "kuinua" na "jeki", na maneno hayo mawili yakamletea kanuni yake aliyoizoea. Akadhani mwandishi wa asili amekosea, naye akamsahihisha. Istilahi mbaya ilimwongoza mtu mwangalifu kwenye agizo la hatari. Kama angeandika "kabla ya gari kupanda kwenye kipandio", angeliona kosa papo hapo, kwa sababu Kiswahili chenyewe kingemwuliza: gari litapandaje na nati zimelegea?

Tairi na gurudumu

Kasoro ya nne ni ya mazoea yetu sote. Katika mazungumzo husema "tairi" kwa maana ya gurudumu zima: mpira, rimu na vyote. Katika maelekezo ya kazi hatuwezi kujiruhusu hivyo. Kuvua gurudumu ni kutoa nati na kulitoa katika kitovu chake. Kuvua tairi ni kuutenga mpira na rimu, kazi ya karakana, yenye vyombo vyake na hatari zake, hasa kwa matairi yenye upepo wa kiasi tulichokitaja. Rasimu inasema "toa upepo kidogo, kisha ondoa tairi". Kwa mwenye mtarimbo na bidii nyingi, hilo ni agizo la kuanza kuchokonoa rimu kando ya barabara kuu.

Hali kadhalika, maneno "tairi jema" na "tairi baya" hayatoshi pale palipo na magurudumu pacha. Lazima isemwe kila mara: gurudumu la ndani, gurudumu la nje. Kwa kukosa ubaguzi huo rasimu imeficha mpaka wa chombo chenyewe. Kipandio hufaa pancha ikiwa katika gurudumu la nje. Ikiwa katika la ndani hakifai: ukilipandisha la nje, la ndani litaning'inia, ni kweli, lakini huwezi kulitoa bila kwanza kulivua la nje, na la nje ndilo lililobeba gari. Magurudumu ya mbele nayo ni mamoja mamoja kila upande. Gurudumu lililopanda juu ya kipandio haliwezi kuvuliwa likiwa limekikalia. Katika hali hizo mbili hapana budi jeki yenye uwezo wa kutosha, au fundi aitwe. Msomaji anayesoma "kubadili matairi" tu atakinunua kipandio akidhani amemaliza shida zote za magurudumu.

Mvunguni

Si haki kuhakiki makosa peke yake. Mfasiri wetu ana sikio zuri, na mahali alipoliamini alifanya vizuri. Neno lake "kuning'inia", kwa gurudumu lisilogusa ardhi, ni sahihi na lina picha. Sisi tungeandika "kuwa hewani", na lingekuwa dhaifu. Ametumia "kabari" kwa vipande vinavyozuia gurudumu lisibingirike, badala ya kubuni jina jipya. Ametofautisha vyema kati ya kukanyaga breki, kufunga breki kwa ghafla, na kuvuta breki ya mkono, jambo ambalo wengi hulivuruga.

Zuri kupita yote ni kwamba sehemu ya chini ya gari ameiita "uvungu wa gari". Neno la kitandani limehamia barabarani bila kupoteza maana yake: mahali pa giza, pa chini, ambapo mtu huingia kwa kuinama. Tunalikubali na tutalipendekeza liingizwe katika orodha. Lakini lina mzigo wake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kila Mswahili akilisikia neno hilo husikia pia methali, ambayo inamhimiza ainame. Kwa hiyo kila panapotajwa uvungu wa gari lililopanda kwenye kipandio pawekwe onyo waziwazi: cha mvunguni kisitakwe kabla tegemeo halijasimama chini ya ekseli.

Tungeandikaje?

Mhakiki asiyeweza kuonyesha njia iliyo bora ana nusu ya haki. Tunatoa hapa maelekezo hayo kama ambavyo tungeyaandika, ili wasomaji nao watuhakiki. Yamekusudiwa pancha ya gurudumu la nje la nyuma.

1. Simamisha garinyumba mahali tambarare na pagumu, mbali na magari yapitayo. Washushe abiria wote.

2. Hakikisha kuwa gurudumu la ndani ni zima na lina upepo wa kutosha. Kama si zima, usitumie kipandio.

3. Weka kipandio mbele ya gurudumu la ndani, mteremko ukilielekea na kuligusa. Usilegeze nati yoyote.

4. Mtu mmoja asimame kando, mahali ambapo dereva anamwona, amwongoze. Panda polepole mpaka gurudumu la ndani litulie katikati ya kitako cha kipandio.

5. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kuegeshea, zima injini. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

6. Simamisha tegemeo chini ya ekseli, upande wa kipandio. Usiingize mwili uvunguni.

7. Sasa legeza nati, zitoe, na uvue gurudumu la nje. Nati zikiwa zimetoka, gari lisisogezwe hata kidogo.

8. Vika gurudumu la akiba. Kaza nati kwa kupishana, kila moja na ile inayoikabili. Ondoa tegemeo, kisha kabari, na ushuke polepole. Likishashuka, kaza nati tena kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na uzikague tena baada ya mwendo mfupi.

Msomaji ataona kwamba hakuna neno "jeki" katika hatua zote nane. Hatukulikwepa. Halikuhitajika tu.

Funzo kwetu

Tulisema mwanzoni kwamba makosa mengine yana mzizi katika orodha zetu. Tulipozifungua karatasi zetu za zamani za istilahi za magari, tulikuta maelezo ya jeki katika mstari mmoja: chombo cha kuinulia gari. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yamemsaidia nani? Hayasemi jeki haifanyi nini. Hayamwambii mfasiri kuwa kuinua na kutegemeza ni kazi mbili. Hayamwonyi kwamba vipo vyombo vinavyopandwa, si vya kuinulia. Tuligawa majina kama anayegawa funguo bila kuonyesha milango.

Rai yetu ni kwamba istilahi ya chombo isitolewe bila kitenzi chake. Orodha iseme: jeki, huinua, tegemeo, hushikilia, kipandio, hupandwa, kabari, huzuia, mguu wa kusawazishia, husawazisha. Maneno kumi na mawili hivi, na mfasiri aliyeko mbali asiye na karakana jirani angejua hasa amepewa nini. Mwalimu wa shule ya ufundi naye angepata somo la sayansi na somo la lugha kwa pamoja. Na mtumishi wa serikali anayeandika kanuni za usalama kazini angeweza kukataza jambo moja bila kukataza mengine matano asiyoyakusudia.

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya, naye amekubali kuiandika upya. Tunawaomba wasomaji, hasa waalimu wa ufundi na wale wenye ndugu madereva na utingo, watuletee majina mengine ya vyombo hivi yanayotumika kwao, pamoja na vitenzi vyake. Iwapo mahali fulani kipandio kina jina lake tayari, lililozaliwa barabarani na kuzoeleka, tutalipokea kwa furaha na kuliondoa la kwetu.